Georg Ohm: Mwana wa fundi wa kufuli aliyewapa mafundi wa umeme mizani

KWENYE uso wa kila multimita, kile kifaa kidogo ambacho mafundi wa umeme hutembea nacho mkobani, pana alama inayofanana na kiatu cha farasi. Ni herufi ya mwisho katika alfabeti ya Kigiriki, Omega.

Fundi anapozungusha kitufe hadi penye alama hiyo na kugusisha ncha mbili za kifaa chake kwenye ncha mbili za waya, huwa anauliza swali moja tu: waya huu unauzuia umeme kwa kiasi gani?

Akijibiwa kwamba ni kiasi kidogo mno, atajua waya ni mzima. Akijibiwa kwamba kizuizi hakina kikomo, atajua umekatika mahali fulani, hata ikiwa umefichwa ndani ya ukuta na jicho halioni chochote.

Alama hiyo ipo kwa heshima ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule kutoka Ujerumani aliyefariki mnamo 1854, robo karne hivi kabla ya taa za umeme kuanza kuingia majumbani. Hakuwahi kuiona soketi ya ukutani wala swichi ya taa. Hata hivyo, kila hitilafu ya nyaya inayogunduliwa leo kwa kupimwa, wala si kwa kubahatisha, hugunduliwa kwa kanuni aliyoithibitisha yeye.

Ajabu ni kwamba kanuni hiyo, ambayo sasa hufundishwa wanafunzi wa shule za upili kote duniani, ndiyo iliyomfanya mwenyewe aiache kazi yake na kuishi miaka kadha katika dhiki.

Malezi ya karakana

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, katika mji wa Erlangen, ambao leo uko katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa fundi cherehani.

Wazazi hao walijaliwa watoto saba lakini ni watatu tu waliofikia utu uzima: Georg, mdogo wake Martin na dada yao Elisabeth Barbara. Mama mtu alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Fundi huyo wa kufuli hakuwa na elimu ya juu, ila alikuwa amejisomea mwenyewe hisabati na falsafa hadi kiwango cha kuwashangaza waliomjua. Ndiye aliyewafunza wanawe wawili hesabu, na aliwafunza vyema kuliko shule waliyokuwa wakienda. Karl Christian von Langsdorf, profesa wa Chuo Kikuu cha Erlangen, aliwatahini vijana hao na kuwalinganisha na wana wa ukoo wa Bernoulli wa Uswizi, uliosifika kwa kuzaa wanahisabati.

Karakana ya baba nayo ilikuwa darasa la pili. Humo Georg alijifunza kukata, kunyoosha na kuunganisha metali kwa mikono yake mwenyewe. Ujuzi huo ulikuja kumfaa baadaye, maana vifaa vya majaribio yaliyomletea sifa alihitaji kuviunda yeye mwenyewe.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen mwaka wa 1805. Lakini kijana huyo wa miaka 16 aliinogewa dunia. Muda wake mwingi aliutumia katika densi, mchezo wa biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba yake, aliyejinyima mengi ili mwanawe apate nafasi ambayo yeye hakuipata, alikasirika akamwondoa chuoni baada ya mihula mitatu.

Septemba 1806, Georg alipelekwa Uswizi kufundisha hisabati katika shule moja huko Gottstadt, karibu na mji wa Nidau. Miaka mitatu baadaye alihamia Neuchâtel, akawa mwalimu wa kufundisha watu majumbani huku akijisomea vitabu vya wanahisabati wakuu kama vile Euler na Laplace. Ushauri wa kuvisoma vitabu hivyo aliupewa na profesa yule yule, Langsdorf.

Alirejea Erlangen mnamo 1811 na Oktoba mwaka huo akatunukiwa shahada ya uzamifu. Alifundisha chuoni humo kwa mihula mitatu, lakini malipo yalikuwa duni hata hayakumtosha kujikimu. Mwaka wa 1813 akakubali kazi katika shule moja ya hali ya chini mjini Bamberg. Shule hiyo ilifungwa mnamo 1816.

Nyota yake ilianza kung'aa mwaka wa 1817, alipoajiriwa kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya upili ya Cologne, iliyowahi kuendeshwa na Wajesuti. Shule hiyo ilikuwa na maabara yenye vifaa vya kutosha, na mwalimu huyo mpya aliruhusiwa kuitumia.

Sindano ya dira

Wakati huo umeme ulikuwa kama mgeni ambaye kila mtu alizungumza habari zake bila kumfahamu. Betri ilikuwa imevumbuliwa na Mwitaliano Alessandro Volta mnamo 1800. Watu waliona cheche, walihisi mishtuko na kuona metali ikipata joto, lakini hapakuwa na mizani ya kupimia kilichokuwa kikipita ndani ya waya.

Mwingereza Henry Cavendish alikuwa amekaribia ukweli tangu karne ya 18. Kwa kukosa kifaa, aliutumia mwili wake mwenyewe kama mita, akilinganisha ukali wa mishtuko aliyoihisi. Hata hivyo, hakuyachapisha matokeo yake, na ulimwengu haukuyasoma hadi mwaka wa 1879, yalipotolewa na James Clerk Maxwell.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1820. Hans Christian Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira iliyo karibu nao. Kadiri mkondo wa umeme unavyoongezeka, ndivyo sindano inavyosukumwa kwa nguvu zaidi. Kwa mara ya kwanza, kitu kisichoonekana kilikuwa na mshale wa kukionyesha.

Ohm aliona kwamba sasa umeme ungeweza kupimwa. Akaamua kuchunguza jambo ambalo kwa wengi lilionekana dogo: waya ukirefushwa, mkondo wa umeme hupungua kwa kiasi gani?

Majaribio yake ya kwanza aliyachapisha mwaka wa 1825, na kanuni aliyoitoa haikuwa sahihi. Chanzo cha tatizo kilikuwa betri. Betri za siku hizo zilidhoofika upesi mara tu zilipounganishwa, hivi kwamba alipokuwa akipima waya wa tano, nguvu ya umeme haikuwa tena ile aliyoanza nayo kwenye waya wa kwanza. Fundi yeyote wa leo aliyewahi kudanganywa na mita yenye betri iliyokwisha ataielewa shida hiyo.

Johann Christian Poggendorff, aliyekuwa mhariri wa jarida la fizikia ambamo Ohm alichapisha, alimshauri aachane na betri na kutumia ugunduzi mpya wa Thomas Seebeck. Seebeck alikuwa ameonyesha kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na kiungo kimoja kikawa moto huku cha pili kikiwa baridi, umeme hutiririka. Joto lisipobadilika, umeme nao haubadiliki.

Ohm aliunganisha shaba na bismathi. Kiungo kimoja alikitia katika maji yanayochemka na cha pili katika barafu inayoyeyuka. Juu ya vifaa hivyo alining'iniza sindano ya sumaku kwa uzi mwembamba wa metali. Kila umeme ulipoisukuma sindano, aliusokota uzi hadi sindano ikarudi mahali pake, kisha akasoma ni kiasi gani alichokuwa amesokota. Hiyo ndiyo iliyokuwa mita yake.

Kisha akachukua nyaya nane za shaba zenye unene sawa lakini urefu mbalimbali, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130, akazipima mmoja baada ya mwingine. Hakubadilisha kitu kingine chochote ila urefu wa waya.

Katika mfululizo mmoja wa vipimo vyake vya Januari 1826, waya wa inchi 2 ulimpa kipimo cha 326 na robo tatu. Ule wa inchi 130 ulimpa 48 na nusu. Kwa kutazama tu, nambari hizo hazina uhusiano wowote ulio wazi: waya umerefushwa mara 65 ilhali umeme umepungua takriban mara saba tu.

Hapo ndipo akili ya mwana wa fundi ilipofanya kazi. Ohm alitambua kwamba umeme haupiti katika waya unaopimwa pekee. Hupita pia katika metali za chanzo chenyewe na katika viungo vyote, na sehemu hizo nazo huuzuia. Alipiga hesabu akapata kwamba kizuizi cha vifaa vyake vingine vyote kilikuwa sawa na cha waya wa inchi 20 na robo.

Ukiongeza kiasi hicho katika kila waya, fumbo linafumbuka. Wa inchi 2 unakuwa na inchi 22 na robo. Wa inchi 130 unakuwa na 150 na robo. Zidisha 22 na robo kwa kipimo chake, utapata karibu 7,270. Zidisha 150 na robo kwa kipimo chake, utapata karibu 7,287. Tofauti hiyo ndogo si kitu kwa vifaa vilivyoundwa kwa mkono.

Kwa maneno mengine, kizuizi kikiongezeka mara mbili, mkondo hupungua kwa nusu, mradi nguvu inayousukuma umeme iwe ile ile. Leo tunasema kwamba mkondo ni sawa na nguvu ya msukumo, inayopimwa kwa volti, ikigawanywa kwa ukinzani, unaopimwa kwa omu. Hiyo ndiyo Kanuni ya Ohm.

Mwalimu anakataliwa

Ohm alipewa likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin, alikoishi ndugu yake Martin. Huko, mnamo 1827, alichapisha kitabu chake kuhusu hesabu za mzunguko wa umeme. Alitaraji kwamba kitabu hicho kingemfungulia mlango wa uprofesa katika chuo kikuu.

Haikuwa hivyo. Wanafizikia wengi wa Ujerumani wakati huo hawakuzoea kuona umeme ukielezwa kwa hesabu. Kwao, maumbile yalipaswa kufahamika kwa tafakuri ya kifalsafa, na mtu aliyejaza kurasa kwa milinganyo alionekana kama aliyelikosea somo adabu. Georg Friedrich Pohl, mmoja wa wahakiki wake, alikishambulia kitabu hicho vikali. Wakuu wa elimu mjini Berlin nao hawakumpa nafasi aliyoitamani.

Moyo ulimwuma. Mnamo 1828 aliamua kujiuzulu kazi yake ya Cologne. Alikuwa na umri wa miaka 39, hana cheo na hana mshahara wa kutegemea. Alibaki Berlin akifundisha hisabati saa chache kwa wiki katika chuo cha kijeshi, na maisha hayo yaliendelea kwa takriban miaka mitano.

Ni rahisi leo kuwacheka waliomkataa. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi walioamini kwamba wanaufahamu umeme kwa sababu walikuwa na maneno mengi ya kuuelezea. Ohm alikuja na nambari, na nambari haibembelezi mtu.

Mwaka wa 1833 alipata uprofesa katika Shule ya Ufundi ya Nuremberg. Haikuwa chuo kikuu, ila ilimwondolea dhiki. Wakati huo huo, watu waliofanya kazi na umeme kwa mikono yao katika nchi nyingine walikuwa wameanza kuijaribu kanuni yake na kuiona kuwa ni kweli. Gustav Fechner aliithibitisha mjini Leipzig, na Heinrich Lenz akaitumia nchini Urusi.

Heshima kubwa ilitoka ng'ambo. Mnamo 1841, Shirika la Kifalme la Uingereza lilimtunuku Nishani ya Copley, iliyokuwa tuzo yake ya juu kabisa, na mwaka uliofuata likamfanya mwanachama wa kigeni. Mwaka huo wa 1841 pia kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza. Ilikuwa miaka 14 tangu kichapishwe kwao na kubezwa.

Baada ya Waingereza kumtambua, Wajerumani nao wakamkumbuka. Chuo cha Sayansi cha Bavaria kilimpokea kama mwanachama kamili mwaka wa 1845. Mnamo 1849 alihamia Munich kusimamia vifaa vya fizikia vya chuo hicho, na mwaka wa 1852 akapewa uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich. Ndoto ya ujana wake ilitimia akiwa na umri wa miaka 63.

Aliifurahia kwa miaka miwili tu. Alifariki Julai 6, 1854 na kuzikwa mjini Munich.

Kutoka baharini hadi ukutani

Waliokuwa wa kwanza kuitegemea kanuni hiyo kutafuta hitilafu si mafundi wa nyumba bali wahandisi wa simu za maandishi. Mwingereza Charles Wheatstone aliieleza kwa kina mnamo 1843 na kueneza mbinu ya kupima ukinzani wa waya kwa kuulinganisha na mwingine unaojulikana.

Nyaya zilipoanza kutandazwa chini ya bahari, haja ya kupima ikawa ya kufa na kupona. Waya wa kwanza wa kuvuka bahari ya Atlantiki, uliokamilishwa mnamo 1858, ulifanya kazi kwa majuma machache kisha ukanyamaza. Mali nyingi ilizama pamoja nao. Katika juhudi za kuufufua, ulikuwa umesukumiwa umeme wa nguvu nyingi kupita kiasi.

Baada ya hasara hiyo, wahandisi walitilia mkazo upimaji katika kila hatua. Ukijua kwamba kila maili ya waya ina ukinzani wa omu kumi, na mita ikakuonyesha omu 500 kutoka ufuoni hadi mahali unapogusana na maji ya bahari, basi hitilafu iko umbali wa maili 50 hivi. Meli ilitumwa moja kwa moja hapo, badala ya kuvuta waya wote kutoka kilindini.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliingia katika mtandao huo mwaka wa 1879, waya wa baharini kutoka Aden ulipofika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1881, wajumbe wa mataifa mbalimbali walikutana Paris na kuafikiana kuhusu vipimo vya umeme. Kipimo cha msukumo wakakiita volti, cha mkondo ampea, na cha ukinzani wakakipa jina la mwalimu wa Cologne.

Majina hayo matatu yalikutana tena mwaka wa 1923. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoshwa na kubeba vifaa vitatu tofauti, alibuni kimoja chenye kupima ampea, volti na omu, kikauzwa kwa jina la AVO. Hicho ndicho babu wa multimita za leo.

Hitilafu ya omu moja

Inafaa basi kuuliza: kanuni ya mtu huyu inamsaidiaje mwenye nyumba?

Chukua jiko la umeme linalotumia wati 2,400 katika nyumba yenye umeme wa volti 240, kama ilivyo hapa Kenya. Jiko hilo huvuta ampea 10, na ukinzani wake ni omu 24. Sasa tuseme skrubu inayobana waya nyuma ya soketi imelegea, na kiungo hicho kikawa na ukinzani wa omu moja tu.

Ukinzani wote sasa ni omu 25. Mkondo unapungua hadi ampea 9.6. Mpishi haoni tofauti. Fyuzi nayo haikatiki, kwa kuwa fyuzi hukatwa na mkondo unaozidi, na huu umepungua.

Lakini katika kiungo hicho kilicholegea, hesabu inaonyesha kwamba joto la wati 92 linazalishwa. Ni kama kuwasha balbu ya zamani ya karibu wati 100 na kuificha ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani. Joto hilo hulegeza kiungo zaidi, ukinzani ukaongezeka, na joto nalo likazidi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Moto mwingi unaosemekana kusababishwa na stima huanza kwa ukinzani mdogo ambao hakuna aliyeupima.

Fundi anayebahatisha atabadilisha soketi, kisha plagi, kisha jiko lenyewe, na kila mara mwenye nyumba atalipa. Fundi anayepima ataanza kwa kusoma volti kwenye soketi jiko likiwa limezimwa, kisha likiwa limewashwa. Ikiwa mwanzo ni 240 na baadaye ni kama 230, atajua kwamba volti hizo kumi zinapotelea njiani, naye ataifuata njia hiyo kiungo baada ya kiungo hadi azipate. Kazi hiyo hufanywa umeme ukiwepo, kwa hivyo si ya mtu asiye na mafunzo.

Waya ukishukiwa kukatika, utaratibu huwa tofauti. Kwanza umeme huzimwa kwenye swichi kuu. Pili, fundi huijaribu mita yake kwa kupima volti mahali anapojua pana umeme, kisha hupima waya anaotaka kuushika, kisha huijaribu tena mita mahali pale pa kwanza. Mita iliyokufa nayo husema hakuna umeme, na uongo huo umewaponza wengi.

Ni baada ya hapo tu ndipo kitufe hupelekwa kwenye alama ya Omega. Multimita hutumia betri yake kupitisha mkondo mdogo katika waya, ikapima, na kugawanya kama Ohm alivyofundisha. Ndiyo maana kipimo cha omu hakifanywi kamwe kwenye waya wenye umeme: umeme wa nyumba ukikutana na mita iliyo katika hali hiyo, unaweza kuiharibu na kumdhuru aliyeishika.

Fundi hodari kwanza hugusanisha ncha mbili za mita yake zenyewe kwa zenyewe. Mita itaonyesha sehemu ya omu, ambayo ni ukinzani wa nyaya za mita, naye ataitoa katika kila kipimo kitakachofuata. Huenda hajui kwamba anarudia hatua ya Ohm mwenyewe, alipozihesabu zile inchi 20 na robo za vifaa vyake.

Waya mzima wa chumba kimoja utaonyesha chini ya omu moja. Uliokatika utaonyesha kwamba ukinzani hauna kikomo. Na ikiwa vifaa vyote vimechomolewa na balbu zimetolewa, ilhali mita inaonyesha karibu sufuri kati ya waya unaoleta umeme na ule unaourudisha, basi nyaya hizo zimegusana mahali. Fundi huitenganisha njia katikati, akapima kila nusu, kisha akaigawanya tena ile yenye kasoro. Hatua chache humfikisha.

Hata hivyo, multimita ina mipaka. Betri yake ni ndogo, hivyo ganda la waya lililochakaa linaweza kuonekana zima mbele ya volti chache za mita, lakini likashindwa mbele ya volti 240. Kwa kazi hiyo kuna kifaa kingine, kinachotumia volti 500 au zaidi kulijaribu ganda. Anayedai kwamba nyumba nzima ni salama kwa kutumia multimita pekee hajasema ukweli wote.

Georg Ohm hakuacha mali, wala hakuwahi kuingiza nyaya katika nyumba ya mtu. Alichoacha ni mazoea: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, pima, andika, na usiisahau sehemu ya kifaa chako mwenyewe katika hesabu. Kwa mazoea hayo alishindana na wasomi waliomzidi cheo, akashinda akiwa amechelewa.

Kwa hivyo, siku soketi ya nyumbani kwako itakapoanza kupata joto au kutoa harufu ya plastiki inayoungua, zima swichi kuu kwanza, kisha uite fundi aliyeidhinishwa. Akifika na kuanza kutaja vifaa vya kununua kabla hajatoa mita mkobani, mwombe apime kwanza.